Tumekuja Kupima Dawa

Najua nimepotea. Mara ya mwisho niliahidi kuendelea na somo letu la hifadhidata, kisha nikanyamaza kama mtu aliyeishiwa na salio. Sikuwa nimelala. Nilikuwa nimepata kibarua cha miezi miwili hapa hapa kwetu Mombasa, cha kutengeneza fomu za simu kwa ajili ya kikosi kilichokuwa kikipita nyumba kwa nyumba Likoni, Kisauni na Changamwe kuuliza watu kama wanapata dawa. Waliotuajiri sitawataja, na matokeo si yangu kuyatangaza. Nitakachoeleza ni kosa nililolifanya mimi mwenyewe, kwa mikono yangu hii, maana naona lina funzo kwa anayeandika programu na hata kwa asiyeandika.

Kwanza tuelewane kuhusu kazi yenyewe. Ukitaka kujua kama watu wa mtaa fulani wanapata dawa, njia nyepesi ni kwenda zahanati, kufungua kabati na kuhesabu. Kabati ni rahisi kupima. Liko mahali pamoja, lina ufunguo, na aliye nalo ana daftari. Lakini kabati linawajua waliofika tu. Yule aliyekosa nauli halimjui. Yule aliyeambiwa "dawa zimekwisha, kanunue nje", akarudi nyumbani akanywa chai ya ndimu na kulala, naye halimjui. Huyo ukimtaka lazima umfuate kwake, ubishe hodi, umuulize. Ndiyo maana ya uchunguzi wa nyumba kwa nyumba.

Jambo hili si geni. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa orodha yake ya kwanza ya dawa muhimu mwaka 1977, na Kenya ikatoa ya kwake mwaka 1981. Mwaka 2003 WHO na shirika la Health Action International walitoa mwongozo wa kupima bei za dawa, na ndani yake mna wazo moja ambalo mimi nililipenda sana. Badala ya kusema dawa fulani ni shilingi ngapi, unauliza: mfanyakazi wa serikali wa mshahara wa chini kabisa atafanya kazi siku ngapi kuilipia? Ikizidi mshahara wa siku moja, basi hiyo ni ghali kwake. Wazo hilo linaeleweka hata na mtu asiyejua takwimu. Halafu mwaka 2009, wizara mbili za afya zilizokuwapo Kenya wakati ule, pamoja na WHO na tawi la Afrika la shirika hilo hilo, zilitoa ripoti ya uchunguzi wa nyumba kwa nyumba kuhusu upatikanaji wa dawa muhimu nchini. Na kuna uchunguzi mwingine mkubwa wa gharama za matibabu katika nyumba za Wakenya, uliofanywa 2003, 2007, 2013 na 2018.

Kilichobadilika ni kifaa. Zamani karani alibeba karatasi, na karatasi zikarudi ofisini kuchapwa upya na mtu mwingine, ambaye naye aliongeza makosa yake. Siku hizi ni simu. Sensa yetu ya 2019 ilikuwa ya kwanza nchini kufanywa kwa vifaa vya mkononi badala ya karatasi. Sisi tulitumia ODK, programu huria iliyoanzia Chuo Kikuu cha Washington kule Marekani mwaka 2008. Uzuri wake ni kwamba huhitaji kuwa bingwa. Unaandika maswali yako katika jedwali la Excel, kila swali na mstari wake: safu moja ya aina ya jibu, nyingine ya jina la swali, nyingine ya maneno atakayoyasoma karani. Kisha kuna safu ya masharti, inayoamua swali hili litokee lini na lisitokee lini. Ukimaliza, jedwali linageuka fomu, fomu inaingia kwenye simu ya Android, na inafanya kazi hata pasipo mtandao. Jioni simu ikipata mtandao inatuma kila kitu kwenye sava.

Hiyo safu ya masharti muiweke akilini. Tutairudia.

Nilipomaliza fomu, mtu wa kwanza kuijaribu alikuwa mama yangu. Sisi twakaa Mishomoroni, upande wa Kisauni. Mama hupika mahamri na mbaazi alfajiri na kuuza pale mlangoni, na kufikia saa nne huwa amepumzika. Nikaketi naye kibarazani na simu yangu, nikamsomea maswali kama karani. Nilimuuliza: "Katika wiki mbili zilizopita, kuna mtu yeyote wa nyumba hii aliyeugua?" Akanijibu, "Alhamdulillahi, hakuna." Nikabonyeza Hapana. Fomu ikaruka vizuri, ikaingia maswali ya paa la nyumba, maji na redio, ikamaliza. Dakika nne! Nilifurahi mno. Mkubwa wetu kazini, mama mmoja mtaalamu wa takwimu asiyependa maneno mengi, alikuwa ametuonya kwamba fomu ikizidi dakika arubaini watu watachoka. Mimi wangu alimaliza kwa dakika nne. Nikajiona fundi.

Tulianzia Likoni. Tulivuka na feri asubuhi na mapema, makarani sita na mimi, na kila mmoja pawabenki yake shingoni. Kazi yangu ilikuwa kutatua matatizo ya simu, lakini siku za kwanza niliandamana na karani mmoja, dada wa Timbwani anayeijua Likoni kichochoro kwa kichochoro.

Tatizo la kwanza halikuwa la simu. Lilikuwa la neno. Katika Kiswahili cha vitabuni, watu wanaoishi na kula pamoja huitwa kaya, na fomu yangu ilikuwa na neno hilo kila mahali: mkuu wa kaya, idadi ya wanakaya, mapato ya kaya. Sasa nenda kwa mzee wa Kidigo Likoni umuulize, "Mkuu wa kaya hii ni nani?" Kaya kwa Wamijikenda ni msitu wa wazee wao, mahali pa heshima na matambiko. Kadhaa kati ya hizo ziliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008. Na kwa Likoni neno hilo lina doa jingine. Tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, watu wakauawa, na katika habari za fujo zile jina la Kaya Bombo lilitajwa kama mahali vijana walipokula kiapo. Watu wazima wa Likoni hawajasahau. Wageni wanakuja na simu, wanaandika majina, wanauliza habari za kaya! Mzee wa kwanza alitutazama kwa muda, akasema: "Kaya ziko Kwale, wanangu. Hapa ni nyumbani kwangu."

Tatizo la pili lilikuwa neno "kupima". Tulikuwa tumezoea kujitambulisha hivi: tumekuja kupima upatikanaji wa dawa. Halafu karani anatoka nje ya nyumba, anainua simu juu kungojea GPS ishike. Mama mmoja karibu na lililokuwa shamba la Waitiki akatuuliza, "Mwapima dawa au mwapima ardhi?" Hakuwa akifanya mzaha. Mgogoro wa shamba lile uliwasumbua maskwota kwa miaka mingi mpaka Januari 2016 walipoanza kukabidhiwa hati. Kwake yeye mtu anayeinua kifaa mbele ya nyumba na kuandika namba ni mtu wa ardhi, na mtu wa ardhi huleta habari mbaya. Jioni ile nilibadilisha mpangilio: GPS isubiri mwisho, karani aeleze kwanza inachukua nini na kwa nini, na anayekataa akatae, fomu iendelee bila hiyo. Sheria yetu ya kulinda data ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya ya mtu kuwa habari nyeti, kwa hiyo jambo hilo lilistahili kuwa hivyo tangu mwanzo.

Siku ya pili tulikuwa Mtongwe. Tulibisha hodi kwa bibi mmoja aliyekuwa akisuka ukili chini ya mwembe. Dada karani akamwamkia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Karibuni, ketini."

Mahojiano yakaenda laini. Wiki mbili zilizopita kuna aliyeugua? "Hakuna mgonjwa humu, Mungu ashukuriwe." Hapana. Fomu ikaruka. Paa ni la mabati, maji ni ya kununua kwa mitungi, redio ipo. Mwisho. Dada karani akamshukuru, akaanza kusimama.

Bibi akashangaa. "Basi? Mwasema mwapima dawa, na dawa zangu hamkuzitazama?"

Akaingia ndani, akarudi na mkebe wa maziwa ya unga. Akaufungua na kumimina vilivyomo juu ya mkeka: vipande vya amlodipini, vipande vya metformini, na karatasi mbili za kliniki zilizokunjwa mpaka zikachakaa. "Hizi za presha, hizi za sukari. Za sukari nazimeza kila siku, maana nikiacha naona kizunguzungu. Za presha nameza leo, kesho naacha, ndiyo zifike mwisho wa mwezi."

Dada karani akanitazama. Mimi nikamuuliza bibi, kwa sauti ya mtu anayejitetea: "Lakini bibi, si umetuambia hakuna aliyeugua?"

"Kwani mimi naugua? Mwaniona nimelala kitandani? Mimi nina presha."

Ndugu msomaji, nilihisi jasho la mgongo. Kurudi jioni nilisimama kwenye feri bila kuongea na mtu.

Nyumbani nilifungua kompyuta na lile jedwali la Excel. Karatasi niliyopewa na ofisi ilikuwa sahihi kabisa. Ilikuwa na sehemu mbili: moja ya maradhi ya ghafla ya wiki mbili zilizopita, ya homa na kuhara na kikohozi, na nyingine ya maradhi ya kudumu ambayo mtu huishi nayo. Sehemu hizo hutenganishwa kwa sababu nzuri. Ukimuuliza mtu kuhusu homa ya miezi mitatu iliyopita atakuwa ameisahau, hivyo unambana kwenye wiki mbili. Lakini presha haina wiki mbili. Ipo leo na itakuwepo mwakani. Sasa mimi, kwa kuwa sehemu zote mbili zilikuwa chini ya kichwa kimoja cha "Magonjwa", niliziweka ndani ya kundi moja la maswali. Na lile kundi nikalipa sharti moja: litokee iwapo jibu la swali la kuugua ni Ndiyo. Mstari mmoja tu. Kila aliyesema Hapana, simu ilimfungia mlango wa maswali ya presha, sukari, pumu na kifafa, na karani hakuyaona kabisa. Hakukuwa na ujumbe wa kosa. Programu haikuanguka. Ilifanya nilichoiambia, haraka na kwa adabu.

Mbaya zaidi ni kwamba nilikuwa nimeijaribu. Njia ya Ndiyo niliipitia mara kumi kwa sababu ndiyo ndefu na ndiyo niliyodhani ina hatari. Njia ya Hapana nilihakikisha tu kwamba inafika mwisho salama. Nikaingia kwenye sava kutafuta fomu ya kwanza kabisa ya majaribio, ile ya dakika nne. Hiyo hapo: Kisauni, watu wawili, aliyeugua hakuna.

Mama yangu ana presha. Najua ana presha. Nilikuwa naye siku alipoambiwa.

Nikatoka nje. Alikuwa ameketi akichagua mbaazi za kuroweka usiku. Nikamuuliza, "Mama, dawa zako za presha ziko wapi?"

"Zimekwisha."

"Tangu lini?"

"Ah, kitambo kidogo. Kule zahanati niliambiwa hazijaja, nijaribu tena. Nanunua dukani za mia. Zikisha napumzika mpaka nipate nyingine."

"Na mbona hukuniambia?"

Akaendelea kuchagua mbaazi. "Hukuniuliza. Uliuliza kama kuna aliyeugua."

Sikuwa na jibu. Mimi ndiye ninayelipia intaneti ya nyumba ile kila mwezi, na haijapita siku nikasahau, maana ikikatika siku moja kazi yangu inasimama.

Usiku ule ule nilimpigia simu mkubwa wetu. Nilikuwa nimejipangia maneno marefu ya kujieleza. Akaniacha niseme sentensi mbili, akauliza, "Fomu za siku ngapi?" Nikamwambia mbili. "Basi tutarudi," akasema, na akakata. Kesho yake asubuhi nilisimama mbele ya makarani nikakiri. Hawakufurahi. Kurudi kwa mtu uliyekwisha kumaga, umwambie "samahani mama, tuna maswali mengine", si jambo jepesi, na jua la Likoni mwalijua. Yule dada wa Timbwani aliniambia neno ambalo sitalisahau: "Wewe wakosea umeketi, sisi twarekebisha kwa miguu." Nilirudi nao, nyumba kwa nyumba. Bibi wa Mtongwe alipotuona alicheka, akatoa mkebe wake kabla hatujaomba.

Kurekebisha sharti lenyewe kulichukua dakika moja. Kurekebisha maswali kulichukua juma zima, na sikufanya peke yangu. Haya ndiyo tuliyobadilisha, mkubwa wetu akikubali kila moja.

Neno kaya tuliliondoa. Tukauliza, "Mnaokula chungu kimoja ni wangapi?" Hiyo haikuhitaji maelezo kwa mtu yeyote, na kwa kweli inakaribia sana maana wanayoitumia watu wa takwimu: wanaoishi pamoja, walio chini ya mkuu mmoja na wanaokula pamoja.

"Ugonjwa wa kudumu" tuliuondoa pia. Kwa watu wengi ugonjwa ni kitu kinachokulaza. Tukauliza, "Kuna mtu humu aliyeambiwa hospitalini ameze dawa kila siku?" Kisha tukataja kwa majina ya mtaani: presha, sukari, pumu, kifafa.

Neno dawa lenyewe lilitupa taabu. Dawa kwetu ni tembe, ni mitishamba, ni kombe, ni ya meno na ni ya mbu. Mzee mmoja aliyesema anapata dawa bila shida yoyote alikuwa anazungumzia mizizi anayoletewa na shemeji yake. Hatukudharau jibu lake, tuliliandika, lakini tukaligawa swali: dawa za hospitali au dukani, halafu dawa za kienyeji.

Swali la bei lilikuwa limejengwa kwa mtu anayenunua pakiti. Lakini dukani watu hawaulizi pakiti. Wanasema, "Nikatie za hamsini", "Nipe za mia". Hivyo tukaweka visanduku viwili: umelipa shilingi ngapi, na umepewa tembe ngapi. Bei ya tembe moja simu itaihesabu yenyewe, hiyo ndiyo kazi yake.

Na la mwisho, ambalo kwangu ni kubwa kuliko yote. Fomu ya kwanza iliuliza kama dawa ipo nyumbani. Kwa bibi wa Mtongwe jibu ni ndiyo, ipo, tena nyingi. Kwa kipimo hicho bibi angehesabiwa miongoni mwa waliobarikiwa. Ilhali dawa ilikuwa nyingi kwenye mkebe kwa sababu haikuwa ikimezwa. Tukaongeza maswali mawili mafupi: "Uliambiwa umeze ngapi kwa siku? Jana umemeza ngapi?" Na karani aombe kuziona, kwa hiari ya mwenyewe.

Kutoka Likoni tulihamia Kisauni, kisha Changamwe. Kila mahali palikuwa na somo lake. Kwa sensa ya 2019 Kisauni ilikuwa na watu 291,930, Likoni 250,358, na Changamwe 131,882, na ukipita kule Mtopanga au Chaani unaona walivyokaa: nyumba moja ya Kiswahili, korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, na kila chumba wapangaji wake. Mlango mmoja wa nje, vyungu sita. Njia ya zamani ya kuchagua nyumba, iliyotumika sana katika uchunguzi wa chanjo wa makundi 30 na watoto 7 kila kundi, ni kusimama katikati ya mtaa, kuzungusha kalamu chini na kufuata inakoelekea. Nenda ukazungushe kalamu Mtopanga! Itakuelekeza ukutani. Tuliorodhesha vyungu kwanza, kisha tukaiachia simu ichague kwa bahati nasibu, ili karani asichague nyumba yenye kivuli na mwenyeji mchangamfu.

Jambo jingine ni umbali. Niliandika kipande cha programu cha kupima kilomita kutoka kila nyumba mpaka zahanati iliyo karibu, kwa ile kanuni ya haversine ambayo wengi wenu mliifanya chuoni. Nikachora ramani, nikapaka kijani nyumba zilizo ndani ya kilomita 5. Ramani yangu ikawa kijani karibu yote. Nikamwonyesha mkubwa wetu kwa majivuno, akaniuliza, "Hii kanuni yako inajua feri?" Haijui. Kati ya Likoni na kisiwani pana maji ya kama nusu kilomita, na kwa haversine mtu wa Likoni yuko karibu mno na hospitali kuu ya Makadara. Mwulize aliyebeba mtoto mwenye homa usiku, kwenye foleni ya feri, kama ni karibu. Tukaongeza swali: mara ya mwisho ulitumia muda gani kufika, na nauli ngapi?

Hata lile wazo la mshahara wa siku nililolisifu juu lilipata mtihani Changamwe. Tulikutana na vijana wengi wa vibarua vya maghala na bandari. Leo ana kazi, kesho hana. Ukimwambia dawa hii ni nusu ya mshahara wa siku, atakuuliza siku gani hiyo. Kipimo kile ni kizuri kulinganisha nchi na nchi, lakini mfukoni mwa kibarua hakina siku ya kawaida.

Na msidhani kwamba ada ndiyo ilikuwa kikwazo. Mwaka 2004 ada ya zahanati ilipunguzwa ikawa shilingi 10, na ya kituo cha afya 20, na Juni 2013 zikaondolewa kabisa. Ni hatua njema na watu wanaikumbuka. Lakini kumwona daktari bure na kuambiwa ukanunue dawa dukani ni kama kupewa sahani bila chakula. Ndiyo sababu kuuliza "Je, ulitibiwa?" hakutoshi. Lazima uendelee: uliandikiwa dawa ngapi, ulizipata ngapi pale pale, ulizonunua ni ngapi, na zilizobaki kwenye karatasi ni ngapi?

Nimejifunza nini? Kwa sisi tunaoandika programu, njia fupi ya fomu ndiyo ya kuogopa. Njia ndefu ikiwa na kosa utapigiwa kelele, maana karani atakwama. Njia fupi ikiwa na kosa kila mtu atafurahi, karani atamaliza mapema, sava itajaa, na takwimu zitatoka safi. Kama bibi yule angekuwa mpole zaidi, akatuaga bila kuleta mkebe wake, huenda tungemaliza Likoni, Kisauni na Changamwe zote na kuandika kwamba wazee wa huku hawana presha. Na mtu fulani katika ofisi fulani angepanga amlodipini za mwaka mzima kwa kutazama jedwali langu.

Kazi imekwisha sasa. Kabla ya kukabidhi data, sheria ni kufuta fomu zote za majaribio, zisije zikachanganyika na za kweli. Niliziweka kwenye orodha, nikazikagua moja moja. Ya kwanza kabisa ilikuwa ya Mishomoroni. Nikaifuta. Kwa hiyo mama yangu hayumo katika takwimu hizo, si kama mwenye presha wala kama asiyeugua.

Dawa zake siku hizi ziko juu ya friji, karibu na kile kisanduku cha intaneti chenye taa za kijani. Kila asubuhi kabla sijafungua kompyuta namuuliza, "Mama, jana umemeza ngapi?" Hunijibu kwamba namsumbua kama karani wa sensa. Kisha hunijibu swali.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, turudi kwenye hifadhidata.